Pumzi Chini ya Boneti

Kabla sijafungua mdomo, apa. Weka mkono kifuani useme hili halitoki hapa, si kwa mume, si kwa shoga, si kwa mto unaoulalia. Umeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya aliyenisimulia, tena nilishika kichwa cha mjukuu wangu, na unaona mwenyewe ninavyoitunza siri yake. Mdomo huu uliumbwa bila breki. Lakini hili nikikaa nalo peke yangu litanitoboa tumbo, kwa hiyo sogea, na usiniambie baadaye kwamba hukuonywa.

Ni habari ya mke wa fundi magari, jirani zangu wa ukuta kwa ukuta; mwisho wake mji mzima uliuona, lakini ya ndani ya nyumba ndiyo siri. Mtaa mzima tulimwita Pindo, maana hakuna mshonaji aliyejua kukunja pindo la gauni kama yeye. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Gereji ya mumewe ilikuwa ua wa nyuma, chini ya mabati. Mbele vitambaa, nyuma grisi, na katikati mama mkwe, shoga yangu wa miaka mingi, akigomba kwamba oili isikanyagwe ikaletwa kwenye zulia lake. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Pindo akishona alikuwa na wimbo wake mmoja wa kuvuma puani, hauna maneno, hauna mwisho. Ukipita barabarani ukausikia, unajua mama yupo kazini.

Fundi hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. Alikuwa na donda moja tu, nalo ni kilima.

Nje ya mji kuna barabara ya lami inayopanda kilima, na wenye magari ya mbio hukutana pale kushindana. Gari la fundi lilikuwa la kutazamwa: limeshushwa chini, limeng'arishwa, eksozi pana kama bomba la mtaro. Kwenye tambarare halikamatiki. Lakini likianza kupanda, linachoka. Lilikosa ile nguvu ya kukokota ambayo mafundi wanaiita toki. Na kila mara alikuwa akishindwa na mtu mmoja, dereva mmoja mnene anayeitwa Kifaru, asiyejua kushinda akanyamaza.

"Fundi, hilo gari lako lina pumu," humwambia mbele za watu. "Lipeleke likapate sindano."

Watu wanacheka. Fundi naye anacheka, lakini jino la nje tu.

Basi siku moja, asubuhi nyeupe kama asubuhi nyingine yoyote, fundi akarudi kutoka kwa muuza vyuma chakavu akiwa amekumbatia kitu ndani ya gunia. Kilikuwa supachaja. Usinitolee macho, hata mimi ilibidi nielezwe. Injini ni kama mimi na wewe, inaishi kwa pumzi. Supachaja ni pampu: inazungushwa na mkanda wa injini, inavuta hewa, inaibana, inaisindilia ndani, na gari linapata kifua cha watu wawili. Hiki cha fundi kilikuwa na umbo la konokono mkubwa wa bati jeupe, mwenye mdomo mmoja mpana, na ndani ya mdomo mapanga madogo madogo kama ya feni. Kilitolewa kwenye gari ambalo hakuna aliyejua lilikuwa la nani. Kilikaa juani tangu alfajiri, na bado kilikuwa baridi.

"Mke wangu, njoo mara moja!"

"Nina pini mdomoni!"

"Ziteme uje!"

Pindo akaenda akifuta mkono kwenye gauni. Mumewe alikuwa amepiga magoti, kile kidude mapajani.

"Hebu kipulize. Nataka nijue kama kimeziba."

Pindo akacheka. Kompresa ya kupuliza upepo ilikuwa pale pale kwenye kona, mpira wake umeviringishwa. "Na huyo kompresa amekwenda likizo?"

"Kompresa ni kali mno. Hiki kinataka pumzi ya mtu."

Mwanamke anayempenda mumewe haulizi maswali mawili. Akainama, akaweka midomo, akapuliza. Mapanga yakazunguka taratibu, laini, bila kelele. Pumzi ikamwishia. Akataka kuinua uso.

Hakikumwachia.

Kilikuwa kinavuta. Si kwa nguvu. Kwa upole, kama mtoto mchanga anayenyonya. Midomo yake imegandana na ule ubaridi, kifua kinazidi kuwa chepesi, mpaka alipojisukuma kwa mikono miwili ndipo ikachomoka kwa mlio mdogo. Akakaa chini. Alipoinua macho, mumewe hakuwa anaitazama supachaja. Alikuwa anamtazama yeye.

"Vipi?"

"Kinavuta."

"Kizuri huvuta," akasema fundi, akakifuta ule mdomo kwa kitambaa safi, polepole, kama unavyomfuta mtoto akishiba.

Akakifunga mwenyewe siku ile ile, mlango wa ua umefungwa. Kazi ya kushinda hapo siku nzima akaimaliza kabla chai haijapoa. Mama yake akamshangaa. "Umeshamaliza?" Akasema amemaliza. Akachukua ufunguo, akaenda kilimani kulijaribu gari.

Pindo alikuwa anapima sketi ya sare ya shule. Pini kadhaa amezibana midomoni, kama kawaida ya washonaji. Akiwa hana hili wala lile, pumzi ikamtoka. Hakukohoa, hakuhema. Ilimtoka kama uzi unaochomolewa kwenye sindano, mrefu, wote. Na pini zikatoka nayo. Zikaruka zikajichoma kwenye pazia la dirisha, dirisha linalotazama kilimani. Pazia lenyewe lilikuwa limefura kuelekea nje. Na siku ile hapakuwa na upepo.

Fundi akarudi meno yote nje. "Limepanda kama limepigwa teke!"

Mkewe alikuwa sakafuni, mama mkwe anampepea kwa kipande cha sare.

Hospitali wakampiga picha ya kifua. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema mapafu ni safi, hata yeye angetamani kuwa nayo. Wakampa vidonge vya vitamini. Pindo akavimeza. Kila gari lilipotoka, akawa anashika ukingo wa meza na kusubiri. Likipanda kilima, anabaki mdomo wazi kama samaki kwenye beseni. Likirudi na kuzimwa, pumzi inamrudia. Lakini si yote. Kila mara ilirudi pungufu kidogo.

Siku moja jirani muuza magodoro alikuja kuchukua suruali yake, mtu mcheshi, mpenda maneno kunishinda hata mimi.

"Shemeji," akasema, "hilo gari la mumeo siku hizi lina mluzi mtamu. Limenipita jana pale njia panda, nikageuka nyuma nikidhani ni wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Si lilikuwa linaimba?" Naye akauvumisha puani ule wimbo. Wimbo wa Pindo. Wote, mpaka pale anapoukata ili avute pumzi.

Sindano ya cherehani ikasimama katikati ya kitambaa. Pindo akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hajaimba tangu siku ile ya kupuliza. Alikuwa amejaribu. Hautoki.

Kisha akapata mafua. Adhuhuri moja alikuwa uani anaanika nguo, gari limeegeshwa, limezimwa tangu asubuhi, ufunguo unaning'inia kwenye msumari. Akakohoa.

Chini ya boneti, kitu kikakohoa.

Akaganda, kibanio mkononi. Akabana kifua asikohoe tena. Kikohozi hakibaniki. Akakohoa mara mbili, kikavu. Chini ya boneti, mara mbili, kikavu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sufuria. Wakatazamana.

"Umesikia?" Pindo akanong'ona.

"Nimesikia, mwanangu."

"Mama, ni mimi?"

Bibi akaiweka sufuria chini kwanza. "Ulikipa nini kile kidude?"

"Nilikipuliza tu. Aliniambia nikipulize."

Shoga yangu yule ana magoti mabovu, hakai chini hata msibani. Siku ile alikaa pale pale kwenye saruji, na alikaa mpaka jua likamhama.

Jioni akamkabili mwanawe. "Kitoe hicho kitu."

"Mama, umeanza mambo yako ya kizamani."

"Nimekuzaa mimi. Kitoe."

"Mama, wewe magari unayajua? Unajua hata mafuta yanatiwa wapi?"

Maneno hupenya kuta. Kesho yake mtaa ulikuwa umeshahukumu: mke wa fundi analogwa, na anayemloga ni mkwewe. Nani mwingine? Ndivyo tulivyo. Kijana akikohoa ni vumbi, bibi mwenye meno manne akikohoa anaita mashetani. Wanawake wakaacha kumsalimia dukani. Mmoja akamvuta mwanawe karibu alipompita. Shoga yangu alikuwa akinisimulia hayo anacheka, machozi yanamchuruzika.

Pindo akaamua kukimbia. Akafungasha nguo chache, akapanda basi la asubuhi kwenda kwa dada yake, mji wa pili. Basi likaondoka. Wakapita soko, wakapita kituo cha mafuta. Kifua kikaanza kukaza. Wakatoka nje ya mji. Kila nguzo ya umeme iliyopita dirishani ilimchukulia kitu. Akajaribu kumwambia kondakta asimamishe, sauti haikuwapo. Abiria wakaona midomo imegeuka rangi ya wino. Wakamshusha, wakasimamisha gari la kurudi mjini. Na kadiri walivyokaribia nyumbani, pumzi ikamrudia, kidogo kidogo, kama mtu anayepimiwa. Alipofika mlangoni kwake alikuwa anapumua vizuri. Akalia. Mbuzi aliyefungwa kamba anajua angalau kamba iko shingoni. Yeye ya kwake hakuiona.

Mumewe alikuwa uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Pindo akamwendea, akasema polepole, maana maneno alikuwa anayahesabia pumzi.

"Mume wangu. Nakufa. Kitoe leo."

Fundi akaendelea kusugua kucha. Hakugeuka. Akanong'ona, "Nikikitoa, unadhani kilichomo kitarudi kwako?"

Pindo akashika ukuta. Hadi dakika ile alikuwa akijiambia kwamba mume wake hajui.

"Vumilia kilima kipite," fundi akasema, sauti ya upole kabisa, akampangusia jasho la paji la uso kwa mkono uliolowa. "Nimshinde Kifaru mara moja tu. Halafu tutaona."

Amshitaki wapi? Polisi aseme mume wangu kaniibia pumzi kaifungia kwenye gari? Daktari ameshasema mapafu safi. Mtaa umeshamtia hatiani bibi. Akavunje mwenyewe kwa nyundo? Na pumzi yake imo humo. Usiku na mchana ikawa kazi yake moja: kuingiza, kutoa. Kuingiza, kutoa. Kuomba gari lisiwashwe.

Siku ya mashindano ikafika, mchana wa jua kali. Fundi mwenyewe alimbeba mkewe, akamweka kwenye kiti cha plastiki kule juu kilimani, kando ya mstari wa mwisho. Watu wakasema tazama mapenzi hayo. Mama mkwe alikuwa nyuma ya kiti, akasikia mwanawe alivyomwinamia mkewe sikioni.

"Ukiwa karibu, linavuta vizuri zaidi."

Kule chini bendera ikashuka. Pindo hakuiona. Aliisikia kifuani.

Ikaanza na kidole baridi kooni. Kisha mkono. Kona ya kwanza, masikio yakaziba. Mama mkwe akamshika mabega. Kona ya pili, watu wakawa vivuli. Alisikia mluzi unapanda. Wimbo wake. Unapanda, unapanda. Alitaka kupiga kelele. Kelele ni pumzi. Hakuwa nayo. Alitaka kuomba. Hata kuomba ni pumzi. Macho tu yalibaki yake. Akayatumia kumtazama mumewe akitokea kwenye kona ya mwisho, mbele, peke yake, Kifaru nyuma akila vumbi.

Gari likavuka mstari. Likazimwa. Pindo akavuta hewa kwa sauti iliyowafanya waliokuwa karibu wageuke.

Shangwe! Kofia juu, honi, fundi kabebwa begani. Lakini kilima kile kina sheria yake: aliyeshindwa ana haki ya kudai boneti ya mshindi ifunguliwe mbele ya wote, ionekane kama hakuficha mtungi wa gesi ya kuongeza mbio. Kifaru akaja anahema, shati limelowa.

"Sheria ya kilima! Fungua!"

"Injini ya moto hiyo, mtaungua," fundi akasema.

"Nimeungua tayari. Fungua!"

Mwamuzi, dereva mstaafu wa malori, akanyoosha mkono, akaomba ufunguo, akautia mfukoni mwake. "Fungua, fundi. Kama uko safi, wasiwasi wa nini?"

Boneti ikainuliwa. Kifaru akaingiza kichwa, akatafuta mtungi. Hakuna. Fundi mwingine wa mjini akainama kando yake.

"Mkanda uko wapi?"

"Mkanda gani?" mwamuzi akauliza.

"Mkanda wa supachaja. Haujawahi kufungwa. Tazameni."

Wakatazama. Pale ambapo mkanda ulipaswa kupita palikuwa na utando wa buibui. Mzima, umetanda kutoka puli, kile kigurudumu cha mkanda, hadi injini, na buibui mwenyewe katikati.

"Sasa huwa kinazungushwa na nini?"

Injini imezimwa. Ufunguo uko mfukoni mwa mwamuzi. Na ndani ya ule mdomo mpana, mapanga yalikuwa yanazunguka. Polepole. Yakasimama. Yakazunguka. Yakasimama.

Mama mkwe ndiye wa kwanza kugeukia kiti. Kifua cha Pindo kikapanda. Mapanga yakazunguka. Kikashuka. Yakasimama. Mmoja mmoja, watu wakageuka kutazama kiti, kisha injini, kisha kiti.

"Bibi huyo!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mshikeni bibi! Si tulisema?"

Mama mkwe akainua mikono yake miwili juu, mitupu. "Mikono yangu hii hapa. Tazameni ya mwanangu."

Fundi alikuwa ameufunika ule mdomo kwa kiganja. Amekibana kwa uzito wake wote, mapanga yasionekane yakizunguka. Yakasimama kweli.

Na kwenye kiti, kifua kikasimama.

"Toa mkono!" Kifaru akapiga kelele. "Unamwua!"

Fundi akamtazama mkewe. Macho yao yakakutana, na Pindo akaona kwamba amesikia, amefahamu. Kisha akalitazama lile kundi la watu wote. Akabana zaidi.

Kifaru akamdaka kiunoni, akamvuta. Wakaja wengine. Hapo ndipo fundi mwenyewe alipoanza kupiga mayowe. "Nauachia! Nauachia, haki ya Mungu! Kimenishika!" Mkono ulikuwa umezama hadi kifundo, ngozi imevutika kama soksi. Mtu akaja mbio na nyundo ya kugongea magurudumu, akaiinua juu ya yule konokono wa bati.

Pindo hakuwa na sauti. Alitikisa kichwa. Mara moja tu.

"Usivunje!" mama mkwe akalia. "Yumo humo! Mwanangu yumo humo!"

Nyundo ikabaki hewani. Wakavuta. Wakavuta wote kwa pamoja, na mkono ukachomoka kwa mlio wa busu. Mapanga yakazunguka. Kwenye kiti Pindo akapumua, akapumua tena, analia bila machozi, na chini ya boneti, kwa sauti ile ile, kitu kikawa kinalia.

Hakuna aliyethubutu kukigusa, wala hadi leo hakijaguswa.

"Ulijua?" mwamuzi akamwuliza fundi.

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye lami, watu wamemzunguka, hana pa kupita. "Aliyenipa alisema kinataka pumzi ya mtu wa nyumbani," akasema. "Hakusema kwamba hakirudishi."

"Nionyeshe mkono."

Akauficha kwapani. Kifaru akauchomoa, akaukunjua mbele ya wote. Hapakuwa na damu, hata mkwaruzo. Kiganja kizima kilikuwa kimejaa alama mbichi za midomo. Midomo ya watu, imepangana, mingine imelaliana, minene na myembamba, ya wazee na ya vijana, na pembeni, chini ya kidole gumba, mmoja mdogo kama kifuniko cha soda.

"Hawa waliokipuliza kabla yake ni nani?" mwamuzi akanong'ona.

Fundi akajaribu kufumba ngumi. Vidole vikakataa. Akabaki pale, kiganja wazi mbele ya mji mzima, jua linakipiga sawasawa, na alama zile hazikukauka.